Pikeni Mapema, Mketi Mkutanoni

Ndugu mkulima, na wewe mama mwenye shamba, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya sufuria. Usicheke. Sufuria yaweza kumpa mtu nafasi ya kusema juu ya mali yake, na yaweza kumnyima.

Twajua desturi yetu katika skimu. Ukiitishwa mkutano wa chama cha ushirika, au harambee ya kujenga darasa, au siku ya kuonyeshwa mbegu mpya, watu wa mbali hutoka kwao alfajiri. Haifai warudi na njaa, basi twala pamoja. Tangu mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, watu waliotoka pande mbalimbali wamekuwa majirani, na kila mmoja ana chakula chake. Mkikuyu husema githeri, Mkamba husema isyo, Mjaluo husema nyoyo. Majina ni mengi lakini mahindi na maharagwe ni yale yale.

Lakini ni nani apikaye, na hupika saa ngapi?

SIKU YA JOSHO

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi mbele ya mkutano na daftari langu la majina. Shauri lilikuwa moja: ng'ombe waogeshwe siku gani. Hili si jambo dogo. Kupe huleta homa ya pwani, na ng'ombe wa maziwa akifa, mkulima amepoteza karo ya mtoto na malipo ya mkopo. Wazee walisema, vijana walisema, mikono ikainuliwa. Ikakatwa shauri iwe Alhamisi.

Wakati huo akina mama karibu wote walikuwa nyuma ya ghala wakipuliza kuni mbichi, maana usiku ulikuwa wa mvua. Mjane mmoja, mwenye shamba lililoandikwa kwa jina lake mwenyewe, aliingia na sinia mkononi, macho yake mekundu kwa moshi. Akaniuliza, "Karani, mmekata shauri gani juu ya josho?" Nikamwambia ni Alhamisi. Akanyamaza kidogo. Alhamisi ni siku ya soko, siku anayouza kabichi zake, na hana kijana wa kumpelekea ng'ombe wake wanne. Akasema tu, "Basi mmekula chakula changu, na siku yangu mmeila pia."

Maneno hayo sikuyaandika daftarini, lakini nilikwenda nayo nyumbani.

KOSA LANGU

Mkutano uliofuata ulipotangazwa, niliwaambia akina mama, "Safari hii pikeni jana." Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, na mwalimu hupenda amri fupi. Sikueleza namna ya kufanya.

Basi wakapika githeri Ijumaa jioni katika sufuria kubwa sana, wakatia viazi, vitunguu na nyanya, wakafunika vizuri wakaiacha karibu na mafiga isipoe. Asubuhi walipofunua, palikuwa na povu juu na harufu ya kuchacha. Wawili walioonja kwa kubahatisha waliumwa na tumbo siku nzima. Chakula kilimwagwa shimoni, tukanywa chai kavu, na wanaume wengine wakacheka wakisema mwanamke hawezi kuliacha jiko. Lawama ilikuwa yangu, si ya wale akina mama. Mama watoto aliniuliza usiku ule, "Ulipowaambia wapike jana, uliwaambia wapoze vipi?" Sikuwa na jibu. Ndipo nikauliza wanaojua, na haya ndiyo niliyojifunza.

KWA NINI CHAKULA HUCHACHA

Moto wa kupikia huua vijidudu vingi, lakini si vyote. Viko vingine vyenye ganda gumu ambavyo havifi kwa kuchemka. Hivyo hulala tu, na chakula kikiwa vuguvugu huamka na kuzaana upesi. Hatari iko kati ya digrii 5 na 60 za joto. Sufuria kubwa iliyojaa na kufunikwa hukaa vuguvugu usiku kucha katikati yake, hata kama ubavuni imepoa. Tena, vijidudu vingine huacha sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha mara ya pili, na si kila mara chakula kibaya hunuka.

Basi shika neno hili moja: chakula kiwe cha moto sana au kiwe baridi. Vuguvugu ni adui.

NJIA YA KWANZA: CHEMSHA JANA, KAANGA LEO

Njia hii yafaa mahali pa baridi kama Kinangop na Ol Kalou. Kwa watu kama 20 chukua gorogoro moja ya mahindi makavu na nusu gorogoro ya maharagwe.

1. Chagua mahindi kwa mkono. Yaliyoota ukungu yasiingie sufuriani kamwe. Kupika hakuondoi sumu ya ukungu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi ya kulisha wageni yawe safi kuliko yote uliyo nayo.

2. Loweka usiku wa kuamkia Ijumaa. Asubuhi mwaga maji yale utie mapya. Kulowekwa hupunguza kuni na saa za kupika.

3. Chemsha kwa moto mkali kwanza, kisha endelea mpaka viive kabisa. Mahali pa juu kama Kinangop maji huchemka kwenye digrii kama 92, si 100 kama pwani. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva huko. Si kosa la mpishi, wala si kosa la maharagwe.

4. Chuja maji, kisha tandaza githeri katika masinia au mabeseni mapana, kimo cha vidole viwili tu. Funika kwa kitambaa safi chepesi, uweke mahali penye baridi na upepo. Katika saa mbili kiwe kimepoa. Viazi, nyanya na vitunguu usitie bado, maana hivyo huharakisha kuchacha.

5. Jumamosi asubuhi kaanga vitunguu na nyanya, tia viazi na mboga, kisha githeri na maji kidogo. Chemsha mpaka mvuke utoke katikati, si pembeni tu. Chumvi mwisho. Kazi hii ni ya saa moja, nawe waifanya nyumbani kwako.

Ukitaka mukimo, chemsha mahindi na maharagwe jana kwa njia hiyo hiyo, lakini viazi na majani ya maboga yapikwe na kupondwa asubuhi ile ile.

NJIA YA PILI: KIKAPU CHA JOTO

Mahali pa joto, kama Muhoroni, usilaze chakula kilichopikwa ikiwa huna jokofu. Huko tumia kikapu.

Chukua kikapu kikubwa chenye kina. Ndani yake panga nyasi kavu, au blanketi kuukuu, unene wa shubiri moja chini na pande zote, ukiacha shimo la kukaa sufuria. Shona mto wa nyasi wa kufunika juu. Gharama yake ni ndogo sana, na hukuokoa kuni nyingi.

Loweka maharagwe au pojo usiku. Saa kumi alfajiri chemsha kwa maji mapya. Pojo zitoshe nusu saa ya moto mkali. Maharagwe magumu yapate saa nzima. Kisha, sufuria ikiwa imejaa na bado inatokota, ifunike, iingize kikapuni, weka mto juu, usifungue tena. Joto lililomo ndani litaendelea kupika peke yake wakati wewe unakamua ng'ombe na kutembea njiani.

Angalia mambo mawili. Kwanza, maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu inayokufa kwa kuchemka kwa nguvu tu. Ukiyatia kikapuni kabla hayajatokota, joto dogo haliiondoi. Pili, kikapu si ghala. Chakula kiingie alfajiri kiliwe mchana. Kisiingie jioni kikangoja kesho. Ukifungua na kuona hakitoi mvuke, kirudishe motoni kitokote kabla ya kupakua.

NJIA YA TATU: VYA KUBEBA TU

Asiye na nafasi ya haya yote asiogope. Chapati zaweza kupikwa jana jioni. Ziache zipoe, kisha uzifunge kwa kitambaa safi. Viazi vitamu na nduma vichemshwe asubuhi na kubebwa na maganda yake. Maziwa lala katika kibuyu au chupa safi hufaa kila mahali. Lakini wali usipikwe jana. Wali uliolala vuguvugu umewaumiza watu wengi, ingawa waonekana mweupe na mzuri.

GAWANENI KAZI KABLA

Juma moja kabla ya mkutano, andikeni orodha: nani ataleta githeri, nani mboga, nani chapati, nani majani ya chai na sukari. Nimewahi kuona sufuria saba za githeri mezani na hapana hata chumvi. Kila mtu afunge uzi wa rangi yake kwenye mkono wa sufuria, ili jioni kusiwe na ugomvi wa vifuniko. Sufuria zibebwe zimefungwa kwa leso, na mwenye baiskeli au punda awachukulie majirani.

Nanyi wanaume, kuteka maji ya kunawa mikono, kuwasha moto mmoja wa chai na kuosha masinia ni kazi ya mkutano, si kazi ya mke wa mtu. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kupakua.

MKUTANO WA TATU

Tulipokutana mara ya tatu, nyuma ya ghala palikuwa na moto mmoja tu, wa chai, na kijana mmoja akiuangalia. Vikapu vilipangwa kivulini, kila kimoja na uzi wake. Akina mama waliketi ndani, wengine na watoto mgongoni.

Shauri la josho halikuwamo katika orodha ya siku ile. Yule mjane aliinua mkono wa kwanza. Alisimama akasema polepole kwamba siku ya soko wako wengi wasioweza kupeleka ng'ombe, na kwamba ng'ombe asiyeogeshwa hurudisha kupe kwa ng'ombe wa jirani aliyeogeshwa. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika Alhamisi kwa nguvu akakuna kichwa, akasema, "Hilo hatukulifikiri." Kura ikapigwa tena, nami nikahesabu mikono mara mbili kwa kuwa safari hii ilikuwa mingi. Josho likahamishwa likawa Jumatatu.

Kisha tukatoka kula. Alipofunua kikapu chake mvuke ulipanda, na githeri ilikuwa laini. Alinipakulia, akaniambia, "Leo, Karani, chakula changu kuleni, lakini siku yangu nimeketi nayo."

Basi, msomaji, mkutano wenu ujao u karibu. Tafuta kikapu, loweka maharagwe, andika orodha na majirani. Pika mapema, na pika kwa njia iliyo salama, kisha njoo ukae mbele.