Lawama Ikomee Hapa

Waingereza na Wamarekani wana msemo ambao siku hizi twausikia hata katika hotuba za viongozi wetu: "the buck stops here." Mwenye kuutamka anakiri kwamba hana wa kumsukumia lawama, jambo limefika kwake, na jawabu ni lake. Wengi hudhani kwamba hiyo "buck" ni dola, kwa kuwa Wamarekani huiita dola yao hivyo. Wengine humfikiria paa dume, naye ana jina hilo hilo. Hawa wa pili ndio walioukaribia ukweli.

Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19, wacheza kamari wa Marekani waliweka kitu mezani mbele ya mtu ambaye zamu yake ya kugawa karata imewadia. Mara nyingi kilikuwa kisu chenye mpini wa pembe ya paa. Asiyetaka kugawa alikisukuma kwa jirani yake. Basi tazama mambo ya dunia: kamari, iliyo haramu kwetu, ikazaa funzo la uadilifu!

Aliyeueneza msemo ni Rais Harry Truman. Mwezi wa Oktoba 1945 aliletewa kibao chenye maneno hayo, kilichotengenezwa katika gereza la El Reno, Oklahoma, akakiweka juu ya meza yake. Alipowaaga wananchi Januari 1953, alirudia kwamba rais, awe nani, hana wa kumwachia uamuzi.

Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili tangu kale. Chombo kikipanda mwamba, huulizwa nahodha, hauulizwi upepo.

Sasa tuiache bahari, tupande milima ya Kisii na Nyamira kwenye mashamba ya chai. Huko mkulima huchuma majani alfajiri, akayapeleka kituoni yakapimwa, kisha yakaenda kiwandani: Kebirigo, Nyansiongo, Ogembo au Nyamache. Kila mwezi hupata malipo ya kwanza, na mara moja kwa mwaka hungoja bonasi. Hiyo ndiyo karo ya watoto na mabati ya nyumba.

Bonasi ikiwa ndogo, kisu huanza kuzunguka. Kiwanda chaelekeza kidole Nairobi, kwa KTDA. Nairobi yaelekeza kidole kwetu Mombasa, ambako mnada wa chai umefanyika tangu 1969. Mombasa nayo yataja wanunuzi wa ng'ambo, Pakistan ikiwa mbele, na ubora wa majani. Kwa neno hilo la ubora, kisu kimerudi kwa mchumaji mwenyewe! Mwaka 2025 wakulima walilalamika sana, nao wakaambiwa kwamba bei imeshuka na shilingi imepata nguvu. Mnada huuza kwa dola, na dola ikileta shilingi chache, mkulima naye hupata chache.

Sababu hizo si uongo. Hakuna mkurugenzi wa Nyamira awezaye kumlazimisha mnunuzi wa Karachi. Lakini bei ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni gharama za kiwanda, mikopo, kuni na umeme, na ada ya usimamizi, vyote hukatwa kabla mkulima hajaona senti. Hayo hayaamuliwi na soko. Huamuliwa na watu wenye majina. Kiwanda ni kampuni ya wakulima, na wakurugenzi wake huchaguliwa na wakulima hao hao. KTDA ni wakala aliyepewa kazi. Basi meza ipo, na wenye kuketi hapo wajulikana. Soko lijibu ya soko, nao wajibu ya matumizi, shilingi kwa shilingi, mbele ya waliowachagua.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyebeba kikapu cha majani mgongoni tangu alfajiri ndiye ajuaye uzito wake, naye ana haki ya kujua kisu kimekomea kwa nani.