Boti ya trela: hatari huanza nchi kavu

Al Jaddaf, kando ya hori la Dubai, ni mahali panapojulikana kwa uundaji wa majahazi ya mbao, vyombo vya jamii ile ile iliyokuwa ikifika Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa upepo wa kaskazi na kurejea Ghuba kwa upepo wa kusi.

Neno hori lenyewe, ambalo Waswahili hulitumia kwa mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ni ndugu wa neno la Kiarabu khor, ambalo ndilo wenyeji wa Dubai wanaloyaitia maji hayo.

Siku hizi maji hayo yanatumiwa pia na boti ndogo za mashine. Mwenye boti ya aina hiyo huweza kuiweka nyumbani, kuivuta kwa gari juu ya trela na kuishusha majini siku ya mapumziko, bila ya kulipia nafasi bandarini mwaka mzima.

Tangu Novemba mwaka 2016, ulipofunguliwa mfereji wenye urefu wa kilomita 3.2, hori hilo limeungana na bahari upande wa Jumeirah. Anayeondoka Al Jaddaf sasa ana njia mbili za kufika baharini: kupitia Shindagha kwenye mlango wa zamani wa hori, au kupitia Business Bay na mfereji huo mpya.

Hata hivyo, wepesi huo ndio unaowaponza baadhi ya watu. Nahodha wa jahazi alitumikia ubaharia miaka mingi kabla ya kukabidhiwa usukani, ilhali mwenye boti ya trela aweza kuinunua Jumatatu na kuwapakia watoto wake Jumamosi.

Uzito barabarani

Hatari ya kwanza haipo majini, bali barabarani.

Chukua mfano wa boti yenye uzito wa kilo 800, mashine ya kilo 150 na trela ya kilo 400. Lita 100 za petroli huongeza kilo 75 hivi. Gari basi linavuta zaidi ya kilo 1,400, kabla ya kuhesabu nanga, maji ya kunywa na sanduku la barafu.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito huo ilalie kiungo cha gari. Mzigo ukielemea nyuma, trela huanza kuyumba kulia na kushoto kadiri mwendo unavyoongezeka, na mwisho huweza kulipindua gari lenyewe.

Trela ikianza kuyumba, dereva hutakiwa aondoe mguu kwenye mafuta taratibu na kuushikilia usukani bila ya kuuzungusha. Kukanyaga breki kwa ghafla, au kukaza mwendo, huzidisha balaa.

Joto na maji ya chumvi

Baada ya safari katika joto la Ghuba, beringi za magurudumu ya trela huwa zimepata moto. Zikitumbukizwa majini papo hapo, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji ya chumvi. Kutu huanza siku hiyo, na gurudumu huweza kuchomoka barabarani miezi kadhaa baadaye.

Dawa yake ni subira: kuegesha na kuacha magurudumu yapoe. Muda huo huo hutosha kukagua kama kizibo cha tezi kimekazwa, kwani boti nyingi huanza kuingiza maji dakika chache tu baada ya kushushwa kwa sababu kizibo kimesahauliwa. Baada ya safari, trela na mashine huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Mafuta na upepo

Ndani ya hori maji ni matulivu, nayo hayampi mtu habari kamili ya bahari iliyoko nje. Ghuba haina kina kirefu, wastani wake ukiwa mita 35 hivi. Upepo wa shamali unapovuma kutoka kaskazini magharibi, huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ambayo ni mabaya zaidi kwa chombo kidogo.

Ndiyo maana mabaharia hugawa mafuta mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, na la tatu la dharura. Anayeendesha naye hujifunga kamba ya usalama inayozima mashine akianguka, ili rafadha isimjeruhi.

Idadi ya watu

Afrika Mashariki haihitaji kukumbushwa gharama ya kupakia kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka katika Ziwa Victoria kilipokaribia gati la kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha, nchi kavu ikionekana kwa macho.

Kivuko si boti ya starehe, lakini kanuni ni moja. Watu wakizidi, au wakikimbilia upande mmoja kutazama kitu, chombo hupoteza mizani, na kidogo hupinduka kwa haraka zaidi.

Dubai, kama ilivyo katika nchi nyingi, chombo hutakiwa kusajiliwa na anayekiendesha kuwa na leseni. Lakini leseni haimhesabii mtu abiria wake asubuhi ya safari.

Kwa Waafrika Mashariki wengi waishio Ghuba, safari kama hizi huja kwa mwaliko wa rafiki au mwajiri, na mgeni huona haya kumhoji mwenyeji wake. Maswali matatu, hata hivyo, si utovu wa adabu: jaketi okozi langu liko wapi, mafuta ya kurudia yapo, na ni nani nchi kavu anayejua tutarejea saa ngapi?

Likikosa jibu hata moja, mahali salama pa kubaki ni gatini.