Gogo na Vilembwe Darasani

Huko Olenguruone, kaunti ya Nakuru, kandokando ya msitu wa Mau, kwenye mashamba ya chai na viazi na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuna leso ya kuikinga, bibi huitwa gogo. Neno hilo la Wakalenjin lilivuka mipaka kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Bonde la Ufa, marehemu Bi Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi.

Utotoni mwake hakupata kusoma. Akaolewa, akazaa, akawa mkunga kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 2010, umri ukikaribia miaka 90, akajiunga na shule ya msingi ya Leaders Vision. Alivaa sare kama wenzake, akakaa dawati moja na vilembwe vyake mwenyewe. Baadhi ya wanafunzi wenzake alikuwa amewazalisha yeye. Basi nani angethubutu kumcheka akikosea hesabu, ilhali mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomkata kitovu?

Alitaka kujisomea kitabu cha dini yake, na kuandika ujuzi wake wa ukunga na mitishamba usije ukazikwa naye. Watoto waliomwambia kuwa wamekwisha kuwa wakubwa mno kwa shule hawakuwa na hoja mbele yake.

Kinachotugusa zaidi ni wale vilembwe. Mtoto wa kawaida huona haya mamake akimfuata hata langoni mwa shule. Hawa walisoma na bibi wa bibi yao.

Kwetu mambo yana sura nyingine. Wako bibi wengi waliokhitimu msahafu chuoni, wengine wakaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini kwa kuwa herufi za shule hawakufundishwa, wakahesabiwa hawajui kusoma. Bibi huyo leo hupewa karatasi ya dawa, akaigeuza juu chini, akangoja mjukuu arudi. Na mjukuu akirudi huisoma mbiombio, macho yako kwenye simu. Surat Al-Israa imetukataza hata kuguna mbele ya wazazi waliozeeka. Sijui simu tuiweke fungu gani.

Tusidhani pia kwamba uzee ni wa kununa. Imepokewa kuwa ajuza mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) amwombee Pepo, naye akamwambia kuwa vikongwe hawaingii Peponi. Bibi akaondoka analia, mpaka akapelekewa ufafanuzi: hataingia akiwa kikongwe, kwani huko watarudishiwa ujana wao.

Bi Sitienei alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99. Alikuwa bado mwanafunzi, na vitabu vyake vilikuwa bado vya darasa la sita.