Oili ya Gia Boksi Isisahauliwe

Pikapu katika vijiji vyetu vya Kagondo haibebi mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa tu. Usiku, ndiyo hiyo hiyo humpeleka mama mwenye uchungu hospitalini. Ikikatalia mlimani, shida si ya dereva peke yake.

Wenye magari wengi huangalia oili ya injini, lakini ya gia boksi huisahau. Oili hiyo hulainisha meno ya gia na kupunguza joto. Katika gari la otomatiki ndiyo pia husukuma gia ziingie. Mzigo mzito na vilima huizidishia moto, nayo ikiungua hupoteza nguvu.

Basi, simamisha gari mahali tambarare. Kama ni la gia za mkono, zima injini, fungua kizibo cha juu kilicho ubavuni mwa gia boksi: oili yapasa kufika ukingo wa tundu. Kama ni la otomatiki lenye kijiti cha kupimia, fuata kitabu chake. Mengi hupimwa yakiwa yamepata moto na injini ikiwaka. Oili nyekundu iliyogeuka nyeusi na kunuka kuungua, ibadilishwe. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Mwite fundi kabla ya safari. Usichanganye aina, wala usipite alama.

Gia ikichelewa kuingia, au matone yakionekana chini ya gari, hilo ni onyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ina bei, lakini gia boksi ina bei kubwa zaidi. Na mgonjwa hangoji.