Umri wa Nyumba ya Kale: Ushahidi wa Mbao na wa Hati

Wasomaji wengi wa Kiswahili walimfahamu Shakespeare kupitia tafsiri za Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Nyumba za jamaa zake, zilizoko karibu na Stratford-upon-Avon, Uingereza, zina funzo jingine kwa mtafiti wa mambo ya kale.

Kijijini Shottery ipo nyumba ya ukoo wa Anne Hathaway, mkewe Shakespeare. Sehemu yake kongwe ni ya karne ya 15; nyingine iliongezwa katika karne ya 17. Paa lake la nyasi ndilo huvutia macho, lakini halifai kupimia umri, kwani nyasi huchakaa na kuezekwa upya. Shahidi wa kutegemewa ni kiunzi cha mwaloni. Katika sehemu kongwe, magogo yaliyopinda husimamishwa mawili mawili, yakainuka toka chini na kukutana kileleni, yakabeba paa. Kuta za nyumba za aina hii aghalabu zilijengwa kwa fito na kukandikwa udongo, ufundi usio mgeni Afrika Mashariki.

Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka, pana mvua inapofaa, nyembamba hali inapokuwa ngumu. Mfuatano huo hulinganishwa na ule wa miti ambayo miaka yake inajulikana. Gamba likiwa bado lipo, mwaka wa kukatwa mti hubainika. Na kwa kuwa mafundi wa zamani walitumia mbao mbichi, ujenzi ulifuata upesi.

Hata hivyo, pete hazitaji mwenye nyumba. Kijijini Wilmcote, tangu mwishoni mwa karne ya 18, nyumba moja ya mbao ilisifiwa kuwa ya Mary Arden, mamake Shakespeare. Mwaka 2000 hati za kale zilithibitisha kuwa ilikuwa ya jirani, Adam Palmer. Nyumba ya kina Arden ilikuwa ile ya kando, ambayo haikusifiwa kwa kuwa kiunzi chake kilifichwa na matofali. Mbao zake zilionyesha kuwa ilijengwa yapata 1514.

Kwa hiyo, mbao hueleza lini, hati hueleza nani. Masimulizi huanzisha uchunguzi, hayaufungi. Anayetafiti miswada au magofu ya pwani atafaidika kwa kuzingatia hayo.