Fahamu: Kwa nini wengi walimtaka Magufuli tena mwaka 2020

Anayestaajabu kwamba Rais John Magufuli wa Tanzania, aliyezuia mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa tangu 2016, bado alikuwa na wafuasi wengi alipoomba muhula wa pili, na aitazame kata kama Terrat, jijini Arusha, ambako mzazi aliondolewa ada ya sekondari, na mmachinga, kwa kitambulisho cha shilingi 20,000, akapanga bidhaa zake bila kumhofu mgambo. Fadhila hiyo ilishikika mkononi. Uhuru wa kusema ulionekana haja ya wanasiasa. Lakini asilimia 84 ya kura aliyotangaziwa, ambayo mpinzani wake Tundu Lissu aliikataa akidai udanganyifu, haipimi mapenzi hayo, nami nasikitika kwamba waliompenda kwa ikhlasi hawakupata uchaguzi usio na shaka wa kulithibitisha hilo.