SALIO LA SARAFU ZA MTANDAONI: TAZAMA KWANZA, NDIPO UAMINI



Mama mmoja alifika mezani petu hapa Kampala akiwa na simu mkononi. Alikuwa ameuza cherehani yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto wake. Mnunuzi hakumpa shilingi bali alimtumia tokeni kwenye simu. Mama aliona kwa macho yake salio limeandikwa 150 USDT, akamkabidhi yule bwana cherehani. Kesho yake alipotaka kubadilisha apate shilingi, kila mtu alizikataa. Tokeni zile zilikuwa na jina la USDT tu, lakini hazikuwa USDT.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza jinsi ya kutazama na kutunza salio. Hatukushauri ununue sarafu hizi. Tunasema na wewe ambaye tayari unatumiwa na ndugu walio ng'ambo, au unalipwa nazo kwa kazi.

SALIO LIKO WAPI?

Pesa za simu unazozijua ziko chini ya kampuni ya simu. Ukikosea namba, unaweza kuiomba kampuni ikusaidie. Sarafu za mtandaoni haziko hivyo. Salio lako limeandikwa katika daftari kubwa la pamoja liitwalo blokcheni, ambalo linatunzwa na kompyuta nyingi duniani. Hakuna ofisi ya kulalamikia ukituma mahali pasipo.

Pochi iliyomo katika simu yako haina pesa ndani. Kazi zake ni mbili: kulisoma daftari hilo, na kutunza ufunguo wako wa siri. Kwa hiyo simu ikiibiwa Owino au ikianguka majini, salio halipotei maadamu unayo maneno yako ya siri. Lakini mtu mwingine akiyapata maneno hayo, anaweza kuhamisha kila kitu hata kama simu iko mfukoni mwako.

JINSI YA KUTAZAMA

1. Fungua pochi, unakili anwani yako. Ya Tron huanza na herufi T. Ya Ethereum huanza na 0x. Anwani unaweza kumpa anayekutumia, lakini usiitangaze ovyo, maana kila mwenye anwani anaweza kuona una kiasi gani.

2. Ingia kwenye tovuti ya kusomea daftari. Kwa Tron ni Tronscan, kwa Ethereum ni Etherscan. Bandika anwani yako. Huduma hii ni bure na haihitaji neno la siri. Ukurasa ukikuuliza maneno ya siri, toka mara moja, ni wa wezi.

3. Linganisha unachoona pale na kinachoonyeshwa na pochi. Tazama pia tarehe na anwani iliyotuma. Picha ya malipo uliyotumiwa kwa WhatsApp si ushahidi, kwa kuwa picha hutengenezwa.

4. Bonyeza jina la tokeni uone namba ya mkataba wake. Hapa ndipo mama yetu alipokosea. Mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni na kuipa jina la USDT. Ile ya kweli hutolewa na kampuni ya Tether, na namba ya mkataba wake imeandikwa katika tovuti ya Tether yenyewe. Linganisha herufi zote, si za mwanzo na za mwisho tu. Ikitofautiana hata herufi moja, usikabidhi mali yako.

SALIO HALIONEKANI

Usiogope upesi. Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Huenda ndugu yako ametuma kwa Tron nawe unatazama upande wa Ethereum. Au pochi haijaambiwa iionyeshe tokeni hiyo, basi iongeze kwa kutumia namba ya mkataba. Daftari likionyesha kwamba imefika, imefika.

Kabla ndugu hajatuma, kubalianeni kwanza ni njia ipi. Tena mwambie aanze na kiasi kidogo. Kikishafika ndipo atume kilichobaki.

SALIO LIPO LAKINI HALITOKI

Kutuma kuna ada, na kwa kawaida ada hailipwi kwa USDT. Kwenye Tron hulipwa kwa sarafu ya TRX, kwenye Ethereum kwa ETH. Ukiwa na USDT 100 bila TRX hata kidogo, huenda ukashindwa kutuma. Weka akiba ndogo ya ada.

Wezi wanalijua jambo hili. Mgeni akikupa maneno 12 ya pochi yenye dola nyingi na kukuambia uongeze ada tu ili mgawane, huo ni mtego. Ada utakayoweka itachukuliwa, na zile dola hutazigusa.

MANENO YA SIRI

Pochi mpya hukupa maneno 12 au 24. Yaandike kwenye karatasi kwa mpangilio wake, uitunze mahali pakavu pamoja na vyeti vyako. Usiyapige picha. Usimpe mtu: si fundi wa simu, si kijana wa duka la intaneti, wala si anayesema ametoka shirika la misaada. Hata sisi tusipewe.

YALIYOKWISHA KUWAPATA WENGINE

Salio kupanda kwenye kioo si utajiri. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, iliwaonyesha wanachama wake salio lililokuwa likikua, lakini haikuwa na blokcheni ya kweli nyuma yake. Watu wa Uganda pia walitoa pesa zao. Benki Kuu ya Uganda iliwaonya wananchi juu yake Februari 2017, na Oktoba mwaka huohuo Ignatova akatoweka. Kisha mwaka 2019 kampuni ya Dunamiscoins iliwaahidi watu wa hapa Kampala faida kubwa. Desemba ilikuta milango imefungwa.

Jiulize swali moja: je, ninaweza kutoa sehemu ya salio hili leo nikapata shilingi mkononi? Kama jibu ni "ngoja kwanza, lete wengine", hiyo si pesa.

Jueni pia kwamba Aprili 2022 Benki Kuu iliwakataza watoa huduma za malipo wenye leseni kubadilisha sarafu hizi kuwa pesa za simu. Kwa hiyo wengi hubadilishana mkono kwa mkono. Ukilazimika, usiende peke yako, usiende usiku, wala usitume tokeni kabla shilingi hazijahesabiwa mbele yako.

Yule mama hajapata cherehani yake. Amekubali tuieleze habari yake ili nyinyi mlioko Nakivale, Kyangwali na hapa mjini msipatwe na hayo. Mwenye mashaka na salio lake aje na simu yake, lakini maneno ya siri ayaache nyumbani. Tutatazama pamoja.